Siku Tana Nzima Ilipobisha Hodi Garsen

Juzi mmoja wenu alinicheka. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Garsen na sinia la mchele mapajani, nimemtumia mpwa wangu ujumbe kwa simu, nikaiweka simu kando na kuendelea kuchambua. Kijana akanitazama, akaitazama simu, akashindwa kuvumilia. "Shosh, hujajibiwa. Si utume tena?" Nikamwambia nitatuma nikimaliza sinia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye akituma asijibiwe hutuma alama ya kuuliza, kisha hupiga, kisha hutuma sauti kuuliza kwa nini hapokelewi, na mwenye simu kumbe anaoga tu.

Basi acheni simu zenu kidogo, niwaambie kwa nini mimi nina subira ya ajabu kwa jambo hili na sina subira kwa jambo jingine lolote, kama mama zenu walivyowaambia.

Kazi yangu, kabla sijastaafu na kuwa mtu wa kuchekwa kibarazani, ilikuwa kuzipatanisha kompyuta zilizosemezana kwa redio kando ya mto Tana. Nyinyi mmezaliwa mkaikuta minara. Sisi hatukuwa na mnara, wala kompyuta kubwa iliyokaa Nairobi ikiwagawia wengine maneno. Kila kituo cha mradi wa kilimo na mifugo kilikuwa na kompyuta moja, redio moja, kisanduku cha modemu katikati yake, betri ya lori sakafuni na sola juu ya bati. Wenje, juu ya mto, walisema na Kilelengwani, chini yake, moja kwa moja, na hewa ikiwa chafu, kituo cha katikati kiliupokea ujumbe kikausogeza mbele. Hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenziwe. Wazungu wa mradi waliusifu sana mpango huo. Hawakukaa Garsen wakaona taabu yake, kwamba mtandao usio na mkubwa hauna wa kuwaambia watu wanyamaze.

Aliyenifundisha ni Fundi Shee, mtu wa Kipini, mwembamba, kofia ya vito kichwani na bisibisi sikioni pale ambapo makarani huweka kalamu. Alikuwa ametengeneza redio tangu zilipokuwa na taa za gilasi ndani. Kompyuta aliijua kwa kuisoma, na aliisema vibaya kila siku kana kwamba ni mkwe wake. Asubuhi yangu ya kwanza kazini aliniita mbele ya kioo.

"Ndoo hapa, Zena. Waiona namba hii?"

Nikaiona. Ilikuwa setingi ya kurudia, yaani mashine ibishe mara ngapi kama haijajibiwa. Kitabu cha programu kilishauri kumi. Yeye akafuta kumi akaandika tatu.

"Hodi ni mara tatu," akasema. "Ukibisha tatu usiitikiwe, wenda zako, utarudi baadaye. Mashini nayo ifundishwe adabu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Mashine ikipokea kipande cha ujumbe kikiwa salama, ilirudisha neno fupi la kusema nimepata, na sisi wote tukaliita neno hilo karibu. Ukisikia karibu, unaacha kubisha na unatoa kipande kinachofuata. Usipoisikia, unabisha tena. Kama mmelielewa hilo, mmeielewa kazi yangu yote, na wenye haraka wanaweza kwenda kupika.

Mliobaki, sogeeni. Setingi iliyotaka kutugombanisha ni ya kungoja. Sote tulitumia masafa mamoja ya redio, na wawili wakisema pamoja hasikiki hata mmoja, unasikia mlio tu kama chura aliyekanyagwa. Kwa hiyo mmoja akimaliza, kila kituo lazima kingoje kidogo kabla ya kusema, na kila kimoja kingoje muda wake, wasije wote wakaruka kwa pamoja. Sawa. Sasa nani angoje zaidi? Tuliwaita waendeshaji wa vituo wote Garsen tukae tukubaliane, na hatukukubaliana. Buya, mkulima wa Kilelengwani aliyekuwa akishika kituo cha huko, alipoona kituo chake kimepewa muda mrefu alisimama kabisa.

"Sisi huku chini ya mto unga wa msaada unatufikia mwisho," akasema. "Mbegu mwisho. Mkutano wa chifu mwisho. Sasa hata kuongea na redio tuwe mwisho?"

Jillo wa Kinakomba akasema na wao wako juu kabisa, sauti yao inasafiri mbali, hivyo wapewe nafasi mapema. Ilitaka kufika watu kurushiana vikombe vya chai. Fundi Shee akaichukua namba kubwa kuliko zote akaiweka kwenye kituo cha Garsen, kituo changu mimi.

"Si wewe mwenyeji?" akaniambia. "Jipakulie baada ya wageni."

Nilinuna siku nzima. Lakini mambo yakaenda, na lazima niseme kweli, yalienda vizuri kuliko kitabu kilivyotabiri.

Mkitaka kujua kuhusu urefu wa vipande, muulizeni Barisa. Barisa alikuwa Mworma, alishika kituo cha mbugani kwenye malisho, kwa watu wenye ng'ombe. Mnajua Waorma na salamu. Mtu haulizi jambo lake kabla ya kuuliza watu, kisha ng'ombe, kisha ndama, maziwa, majani na visima. Siku ya hewa safi hakuna neno. Siku ya radi, kipande kirefu kikigongwa na radi moja kinaharibika chote, na mashine inakianza upya. Barisa alibaki kwenye ng'ombe asubuhi nzima. Nikamkatia vipande vifupi vifupi, nikajiona fundi. Kweli vikafika. Vikafika kimoja kimoja, salama, na mpaka adhuhuri tulikuwa tumeingia kwenye majani. Habari yenyewe, kwamba ndama wanaumwa na aletwe daktari wa mifugo, ilifika baada ya daktari kupita kwa pikipiki akitafuta chai.

Nikachukua mkono wa kuzungumzia, maana kwa zile redio, mashine zikinyamaza, ungeweza pia kusema kwa mdomo. Nikamwambia, "Barisa, kaka yangu, anza na habari. Salamu weka mwisho."

"Hapana, Zena," akanijibu. "Mimi natuma habari bila salamu, wewe utajua aje ni mimi? Utasema Barisa amekufa, mtu mwingine amekaa kwa kiti yake."

Fundi Shee alicheka hadi bisibisi ikaanguka. Tukamwachia salamu zake.

Mambo mengine ya kazi hayakuwa na setingi. Nyani wa Kinakomba waliugeuza waya wa eriali kuwa bembea, na kila walipopanda, kituo cha Jillo kilisikika vizuri ajabu, hata tukafikiria kumwajiri mmoja. Mbuzi wa hapa Garsen walikula waya wa sola mara mbili. Wale mbuzi mnaowaona leo sokoni wakila katoni ni wajukuu wao, msiwaamini.

Na kulikuwa na sheria ya betri. Anayeondoka mbele ya mashine, hata akienda chooni, achomoe kibanio cha betri kwanza, maana betri ikifa kijiji kizima kimekufa ulimi. Fundi Shee hakuwa na mzaha hapo. Abae wa Wenje ndiye aliyeionja. Abae alikuwa kijana mrefu, mkulima wa kando ya mto, mwepesi wa kila kitu, wa kucheka, wa kukasirika, wa kuondoka. Siku ya mwisho ya mafunzo aliruka juu ya lori la kurudi kwao, lori likaanza kutembea, na Fundi Shee akalisimamisha katikati ya barabara kwa mikono miwili. "Abae! Betri!" Watu waliojaa juu ya magunia walimzomea Abae tangu aliposhuka, akaingia ofisini, akachomoa, mpaka akapanda tena. Alipanda akisonya.

"Mzee huyu," alinung'unika, "hata nikifa atanifufua nikatoe betri."

Sasa mvua za El Niño. Mwaka ule wa tisini na saba mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mgongoni, kwa hiyo mnasikia tu mafuriko, mafuriko, kama ngano. Mto uliacha njia yake. Barabara ya Hola ikawa maji, ya Malindi ikawa maji, na Garsen ikabaki kisiwa chenye mbu. Mahindi yalikatika mashambani yakaelea, na viboko walikuwa wakitembea mahali ambapo watu walikuwa wamelala. Juu ya Wenje mtumbwi mmoja ulipinduliwa na gogo, na mmoja wa waliokuwamo hakuonekana tena. Mtandao wetu, uliokuwa wa kuulizia mbegu na mikutano, sasa ulikuwa wa kuulizia nani yu hai.

Mke wa Abae, Maryamu, alishikwa na uchungu siku hizo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mimba ya kwanza alikuwa ameipoteza, kila mtu mtoni alijua. Helikopta iliyodondosha unga Wenje ikambeba yeye na mama yake mzazi, ikamleta hospitali ya hapa, ukuta mmoja na ofisi yetu. Nafasi ya Abae haikuwapo. Akabaki ukingoni na mashine yake.

Alfajiri ya siku ya pili ujumbe wake ukaingia. "Habari ya Maryamu?" Nikamjibu kwamba bado. Baada ya muda mfupi akauliza tena, nikajibu tena. Kisha hakungoja tena jibu. Yule bwana aliingia kwenye setingi, kwenye namba ya kurudia akatoa ile tatu ya Fundi Shee akaweka tisini na tisa. Kungoja akakuweka sufuri. Namba nilikuja kuambiwa baadaye, lakini nilijua ameingilia setingi kwa sababu taa ya modemu, iliyokuwa ikiwaka nyekundu kila mtu akisema, iliwaka na haikuzimika.

Kama ingekuwa Abae peke yake, tungemvumilia. Lakini redio ni sikio la wote. Buya akamsikia, Jillo akamsikia, na vituo vingine juu na chini. Na nyinyi mnajua desturi ya kwetu. Mgonjwa hajuliwi hali kwa kuwakilishwa. Ukisikia mke wa mwenzako yuko hospitali huwezi kukaa useme, aah, Abae ameshauliza, akijibiwa nami nitasikia. Utaitwaje mtu? Lazima uulize mwenyewe, kwa jina lako, na usipojibiwa uulize tena ili isije ikasemwa kwamba hukuuliza. Kwa hiyo kila mwendeshaji wa kituo akainama kwenye mashine yake, akaandika pole zake kuja Garsen, na kwa huruma tu, kwa mapenzi tu, naye akafuta tatu akaweka tisini na tisa. Mto mzima ulisimama mlangoni kwangu ukibisha.

Adhuhuri nesi aitwaye Dhahabu akachungulia dirishani, jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Kajifungua! Msichana! Mama mzima, mtoto mzima, na ana sauti huyo, hamkumsikia?"

Tungemsikiaje, na redio inalia vile. Nikapiga vigelegele peke yangu ofisini. Nikaketi niandike, na Dhahabu akasimama dirishani akinisomea niandike nini, uzito, nywele, kwamba amefanana na bibi yake, kwamba daktari alitoka kijasho. Nikayaandika yote. Nilipokuwa karibu kubonyeza, vipande vya ujumbe wa Abae vikajipenyeza kati ya kelele, vikajipanga kwenye kioo.

"Hamunijibu. Mimi najua maana yake. Kama alasiri sijajibiwa nashuka na mtumbwi."

Alikuwa amesoma ukimya wetu akaona msiba. Abae aliujua mto tangu utotoni, lakini huu haukuwa mto aliokuwa akiujua, na kutoka Wenje hadi hapa ni mwendo hata mto ukiwa umelala. Na kwenye mtumbwi angeingia mtu mwenye akili za kufiwa. Mimi nilikuwa na habari ya kumzuia mkononi, nimekwisha kuiandika na nywele zake, na sikuwa na njia ya kumfikishia.

Nikabonyeza. Ikagongana. Nikafuta nywele, nikafuta uzito, nikafuta bibi, nikabakisha mstari mmoja, ukagongana. Nikachukua mkono wa kuzungumzia nikapiga kelele, "Abae, mzima! Mzima!" na sauti yangu ikafunikwa na vyura. Dhahabu naye akaunyang'anya akapiga kelele zake kana kwamba Wenje wangemsikia kwa dirisha. Kisha nikafanya kile ambacho kila fundi mwenye wasiwasi hufanya, nikaingia kwenye setingi. Kungoja kwangu, kule kwa mwenyeji, nikakufanya sufuri ili niwawahi. Kurudia nikaweka tisini na tisa, mbona wao wameweka. Na kwa kuwa nilijiona mwerevu, nikafunga mlango. Programu ilikuwa na setingi ya kuchagua upokee kutoka kwa nani, nami nikaandika Wenje, Wenje peke yake, ili mashine isipoteze pumzi kwa pole za watu wengine wakati mtu mmoja anakwenda kufa.

Kelele ikazidi. Sikuamini masikio yangu. Ile modemu ilipata moto mpaka ikanuka.

Fundi Shee alikuwa upande wa pili wa ukuta akitengeneza friji ya chanjo. Akaja akipangusa mikono, akaitazama ile taa nyekundu, kisha akanitazama mimi, nywele zimetoka mtandioni.

"Nani yuko mlangoni?" akauliza.

"Watu wote, Fundi! Kilelengwani, Kinakomba, mbugani, wote! Na Abae anaingia mtoni alasiri!"

"Na hawa hawayakaribishwa?"

"Nimewafungia. Nataka nimjibu Abae kwanza."

Akavuta kiti. Mtu mwingine angenigombeza. Yeye alivua kofia akaiweka juu ya kompyuta, jambo alilolifanya akiwa na hofu tu, ndiyo maana nilijua kwamba naye ameogopa.

"Zena. Mtu abisha, wewe wamfungia. Atanyamaza?"

"Hatanyamaza."

"Atabisha mpaka lini?"

"Mpaka aambiwe karibu."

"Basi waambie. Mmoya mmoya. Mashini yako haiyui kungoya, ndiyo maana. Rudisha kungoya kwako kule kwa mwenyeji, na ufungue mlango."

Nikataka kulia. Alasiri inakuja, mtu yuko ukingoni na kafi mkononi, na mimi nipokee pole za Kilelengwani! Lakini mikono yangu ilikwisha kutii. Nikaufungua mlango kwa wote. Nikairudisha ile namba kubwa niliyoinunia zamani. Mashine yangu ikanyamaza kabisa, na kwa kunyamaza kwake ikaanza kusikia.

Wa kwanza kupenya alikuwa Buya. "Pole sana Maryamu. Sisi wa Kilelengwani tunaomba dua. Hapa maji yako mlangoni lakini usijali." Mashine ikamwambia karibu, na kituo cha Kilelengwani, kilichokuwa kimepiga kelele tangu asubuhi, kikanyamaza ghafla. Nilimgeukia Fundi Shee. Alikuwa akiitazama taa. Akaingia Jillo: "Mwambieni Abae asiingie mto. Huyo ni kichwa ngumu tangu shule, nilikaa dawati moja na yeye." Karibu. Kinakomba kikanyamaza. Kimoja baada ya kingine, vituo vya juu na vya chini, kila mmoja na pole yake, kila mmoja akaambiwa karibu, akatulia. Ile taa nyekundu ikaanza kupepesa, kisha ikawa na nafasi ndefu kati ya kuwaka na kuwaka.

Wakabaki wawili, Abae na Barisa, na wawili hao wakawa wanagongana wao kwa wao. Ungemwona Dhahabu dirishani. "Barisa! Si leo! Leo si siku ya ng'ombe!" Nami nilijua Barisa alivyo, nikahesabu moyoni, watu, ng'ombe, ndama, maziwa, majani, visima, nikaona Abae amefika katikati ya mto kabla hatujamaliza ndama. Nafasi ikapatikana. Ujumbe wa Barisa ukaingia wote kwa kipande kimoja kifupi.

"Mke ya Abae iko mzima?"

Basi. Hapakuwa na salamu, wala jina, wala ng'ombe hata mmoja. Na baadaye tulikuja kusikia kwamba wiki ile ile maji yalikuwa yamemchukulia nusu ya boma lake. Mimi machozi yalinitoka pale pale, na Dhahabu akaacha kupiga kelele.

Mashine ikamwambia karibu. Barisa akanyamaza. Ukabaki ule mlio wa Abae peke yake, ukapokewa, ukakatika. Mara ya kwanza tangu alfajiri, redio ikawa kimya, na ndani ya kimya hicho msikiti wa hapa ukaanza kuadhini alasiri.

Nikabonyeza. "Maryamu mzima. Mtoto mzima, msichana. Usiingie mtoni." Ulipita mara moja, kama mtu anayepita mlango ulio wazi. Kutoka Wenje ikarudi karibu.

Dhahabu akashangilia. Sisi wawili hatukushangilia. Karibu ile ilikuwa ya mashine, na mashine ikiwa na betri hukaribisha hata chumba kikiwa kitupu. Kama Abae ameondoka, tulikuwa tumekiandikia kiti chake.

Nikapeleka mkono kubonyeza tena. Fundi Shee akaushika.

"Umebisha, umeitikiwa," akasema. "Sasa ngoya."

"Na kama hayupo?"

"Kama hayupo, hodi yako haitamrudisha."

Tukangoja. Kila kituo kilikuwa kimeusikia ujumbe ule ukipita, kila mmoja alijua Abae alisema alasiri, na hakuna aliyebonyeza kitu. Sijui wale watu wa kupigania nafasi ya kusema walipata wapi subira ile. Nilimwazia Buya na maji yake mlangoni, Jillo na nyani wake, Barisa, wote wametumbulia macho taa iliyozimika. Fundi Shee midomo yake ilikuwa inatembea. Nilidhani anahesabu, kumbe anaomba.

Taa ikawaka.

"Nilikuwa nimeingia kwa mtumbwi. Nikakumbuka betri, nikarudi nitoe. Nimesoma."

Kisha ikawaka tena.

"Niambieni tena."

Fundi Shee alichukua kofia yake juu ya kompyuta, akajifunika nayo uso mzima, na mabega yakawa yanamtikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka kwa ajili ya betri au analia. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili.

Nikaweka vidole nimwambie tena, nikakumbuka zamu yangu ni ya mwisho. Kilelengwani wakanitangulia. "Abae, Buya hapa. Mke mzima, mtoto msichana." Wenje wakajibu karibu. Kinakomba wakangoja zamu yao, wakasema. "Maryamu mzima, mtoto mzima, wewe kichwa ngumu." Karibu. Vikapita vituo vyote vya juu na vya chini, hakuna aliyemkata mwenziwe, kila mmoja akimwambia Abae jambo lile lile moja ambalo tayari alilijua, na Abae, mtu asiyeweza kukaa, alikaa akamkaribisha kila mmoja.

Barisa alikuwa wa mwisho kabla yangu. Alianza kwa kuuliza watu wa Wenje wote. Akauliza ng'ombe wa Abae, na Abae hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Akauliza ndama wao, na maziwa, na majani kama yamebaki, kipande baada ya kipande, mpaka jua likashuka, na sisi sote tukangoja afike kwa mtoto.